Tosha kwa Penseli

Jumatatu, 8 Aprili

Kadi za wagonjwa zimeisha tangu saa nne. Nimeandika majina kwenye vipande vya boksi la dawa. Malaria, malaria, kuhara, malaria. Mwanamke mmoja wa Mboko amekataa kutaja umri wake. Nikamwandikia arobaini, akanuna. Mvua imeingia mapokezini mwa kituo chetu cha afya hapa Baraka mpaka chini ya meza yangu, nikafanya kazi miguu ikiwa juu ya kiti.

Huu ni mwezi wa nne tangu kitabu changu kiende Nairobi. Binamu yangu Esta anaishi kule, ndiye aliyekipeleka kwenye nyumba ya vitabu, wanakochapisha. Madaftari matano makubwa, mwandiko wa mkono, nakala moja tu. Nilitaka kupiga fotokopi kabla hakijaondoka. Mashine ya sokoni haikuwa na wino, na mtu wa kukibeba alikuwa amekwisha kupanda lori. Nikasema potelea mbali. Mimi na haraka zangu.

Leo Esta ametuma ujumbe: madaftari yanarudi na mfanyabiashara anayepitia Uvira. Hasemi kama wamekubali. Anasema yanarudi tu. Nina miaka arobaini na sita, sihitaji kuelezwa maana ya kitu kurudi.

Alhamisi, 11 Aprili

Wamekubali.

Naandika tena nione kama wino utakataa: wamekubali. Barua ni ya ukurasa mmoja, ina muhuri. Wamesoma, wako tayari kuendelea nami. Nifuate maelezo ya penseli juu ya kila sura, ninakili upya kwa mwandiko safi, nirudishe kabla ya mwezi wa tano kwisha. Nimeisoma nimesimama, mfuko wa nailoni ukiwa bado mkononi. Nilicheka peke yangu kama kichaa.

Halafu nikafungua madaftari.

Sura ya kwanza: Fupisha. Ya pili: Panga upya. Ya tatu: Tosha. Ya nne: Fupisha. Ya tano: Ongeza mazungumzo. Ya sita: Tosha. Ya saba: Tosha. Ya nane: Fupisha mwanzo. Ya tisa: Andika upya.

Mhariri ana mwandiko mdogo, wa mtu asiyependa kupoteza maneno. Fupisha, nafupisha. Panga, napanga. Tosha, basi natosha. Ndivyo Mama anavyosema akitaka kitu kiondoke: tosha chungu kwa moto, tosha kuku mu nyumba.

Sura tatu za kutosha, na zote tatu ni za Mama. Wamenikubali mimi, Mama wamemwacha mlangoni. Sijacheka tena tangu hapo.

Ijumaa, 12 Aprili

Neno lenyewe halikunishangaza. Tunajuana.

Nilikuwa na miaka kumi, shuleni Lweba. Nilikata karatasi, nikazishona kwa uzi wa nyavu, jalada nikalitoa kwenye mfuko wa kaki wa unga. Juu nikaandika, kwa jina langu: Kitabu cha Sifa. Nilikuwa nimefika ukurasa wa kumi na moja. Mwalimu alikikuta chini ya benchi, akakishika kwa vidole viwili.

"Tosha hii buchafu mu kalasi yangu."

Nikakitosha. Nilikitupa mwenyewe kwenye shimo la choo kwa sababu alisimama mlangoni ananitazama. Watoto walicheka wiki nzima. Waliniita Kitabu mpaka nilipoolewa.

Baada ya hapo sikuandika kitu cha maana kwa miaka thelathini na zaidi. Majina ya wagonjwa. Barua za majirani. Orodha za harusi. Watu husifu mwandiko wangu, nami huona wananitania.

Jumapili, 14 Aprili

Baada ya misa nimekaa na wembe mezani. Nimezikata kurasa za sura ya tatu, ya sita na ya saba. Nimekata taratibu, kwa kufuata mshono, ili madaftari yasichanike.

Sura ya tatu ni ya mihogo. Mwaka ule wa kukimbia vita, Mama alikuwa amelobeka mihogo, ameiloweka kwenye chungu cha maji, siku ya kwanza kati ya tatu. Watu wanapiga kelele, wanabeba magodoro, yeye akabeba chungu na maji yake kichwani mpaka mlimani, kwa sababu mihogo isiyoiva haiachwi. Siku ya tatu, porini, ikawa imeiva sawasawa. Sura ya sita ni ya wanawake saba waliotembea pamoja, Mama akiwa mmoja wao, kila mmoja na alichobeba. Ya saba ni ya mtoto aliyemzaa shambani karibu na Mboko, na jina alilompa kabla mtoto huyo hajafa.

Hizi sikuzitunga. Msimu wa mvua wa mwaka juzi nilikuwa nakwenda Lweba kila Jumamosi. Mama alisema, mimi nikaandika, papo hapo, kwenye daftari lenyewe. Hakurudia neno. Alikuwa akiniuliza kila akimaliza: "Umekamata?" Nikamwambia nimekamata.

Tangu mwaka jana hajui tena leo ni siku gani.

Ni nani mimi nibishane na Nairobi? Wao wanajua vitabu. Mimi najua malaria. Labda mambo ya mihogo ni aibu kwa watu wanaosoma. Madaftari sasa yamekonda. Nimeyapima mkononi, nikayarudisha mezani haraka.

Jumanne, 16 Aprili

Siku mbili kurasa ziko juu ya meza na haziniachi nile. Nikiziweka kabatini nitazirudisha kitabuni, najijua. Nitazirudisha kwa siri, nao watanirudishia kila kitu.

Leo asubuhi nimezichukua zote nikampelekea Konsolata. Ni jirani yangu, mkimbizi wa Burundi, anakaanga mandazi kwenye kona ya njia ya kituo cha afya. Siku zote analalamika hana cha kufungia.

"Aksanti sana, Mama Asende," akasema. "Na tena mwandiko muzuri hivi!"

Nikamwambia ni makaratasi tu. Nimekwenda kazini nikijiona mwepesi. Nilijisifu hata, kwamba safari hii nimetosha bila mtu kunisimamia mlangoni.

Alhamisi, 18 Aprili

Sura ya kwanza imefupishwa. Ya pili imepangwa. Nanakili nikitoka kazini, mpaka kiza kinaingia. Mkono unauma. Maneno ni safi, na hayana mtu ndani.

Mwanangu Asende amepiga simu kutoka Misisi, machimboni. Ameuliza kitabu kinaendaje. Nikasema vizuri. Akasema atanunua cha kwanza, awasomee wenzake habari za bibi yake na chungu. Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata.

Jumamosi, 20 Aprili

Mgonjwa mmoja, mama wa Lweba mwenye homa, alikuwa anakula mandazi kwenye benchi akisubiri kuitwa. Akaacha karatasi pale. Nilikwenda kuiokota kwa sababu ya usafi.

Mwandiko wangu. Mafuta yameingia kila mahali, lakini nilisoma: "yule wa sita alibeba mlango. Hakuwa na kitu kingine cha thamani, akang'oa mlango." Hapo mafuta yalikuwa yamefuta.

Nilisimama nayo kidogo. Nikacheka, kicheko kibaya. Angalau kuna mtu wa Lweba aliyemfungua Mama, nikasema moyoni, ingawa alikuwa anatafuta mandazi. Halafu nikaitupa kwenye shimo tunalochomea pamba na bandeji. Muganga mkuu alikuwa anapita, hapendi uchafu.

Jumatano, 24 Aprili

Sijui niandikeje hii. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Saa kumi Esta amepiga. Nikamwambia niko sura ya tano, nitamaliza kabla ya muda. Akafurahi.

"Na ile ya mama yako usiiguse hata kidogo," akasema. "Ule muntu ya bitabu ameniambia leo. Ati zile sura tatu ndizo zilifanya bakubali."

"Zile nilishatosha," nikamwambia. "Aliandika yeye mwenyewe: tosha."

Esta akaniomba nirudie neno hilo.

"Sifa. Tosha ya huku ni kusema inaenea. Iko bien, muzuri. Usiongeze, usipunguze."

Nikauliza tena. Akarudia. Kule Nairobi wanamwandikia tosha hata mtu wanayemtaka kwa kiti cha uongozi. Ni sifa. Ni neno la kushangilia.

"Ulizitosha ukaweka wapi?" akauliza.

Nilikaa chini mlangoni, simu ikiendelea kuita jina langu.

Na nililijua! Hilo ndilo linaloniua. Kila Jumapili kanisani nasikia neno hilo likisomwa, na maana yake ni ile ya Esta, na sijawahi kukosea. Masikio ya kanisani yanajua. Lakini hapa yalisoma masikio ya nyumbani. Kwetu kitu kikiwa kamili, hakipungui, twasema kinaenea. Kutosha ni kuondoa. Na maneno mengine yote yalikuwa amri, fupisha, panga, ongeza, nikalisoma na hilo kwa sauti ileile.

Hapana. Nisijidanganye. Nilisoma hivyo kwa sababu haikunijia hata dakika moja kwamba mtu anaweza kuandika neno zuri juu ya ukurasa wangu.

Alhamisi, 25 Aprili

Alfajiri nilikuwa kwa Konsolata kabla hajawasha moto. Kurasa zimekwisha. Jumanne ile mpaka Jumamosi, zote. Zimekwenda na watu wa kituo, wa soko, wa pikipiki, waliokwenda Fizi, waliokwenda ziwani.

"Ulinipa we mwenyewe, Mama Asende. Mi sikuomba."

Kweli hakuomba. Nilipomweleza alianza kulia, yeye, mimi nikiwa nimesimama macho makavu. Akapekua kila mahali. Chini ya mfuko wa unga akapata karatasi moja, nusu yake imechanwa. Akanipa kwa mikono miwili.

Ni sehemu ya juu ya sura ya saba. Kichwa cha sura. Neno la penseli. Chini yake mstari mmoja: "Mama alisema hivi, nami naandika alivyosema." Hapo ndipo ilipochanwa.

Penseli haikuguswa na mafuta hata kidogo. Tosha, safi kabisa.

Nimezunguka soko lote nikiokota makaratasi kwenye mitaro. Nimepata hesabu za mtoto, karatasi ya mgao wa kambi, barua ya mapenzi yenye makosa. Watu wameniona. Waseme wanalotaka. Nikaenda mpaka kwenye shimo la kituo. Walichoma Jumatatu.

Ijumaa, 26 Aprili

Sikwenda kazini. Nimelala nikitazama ukuta.

Jumamosi, 27 Aprili

Lweba. Pikipiki imekwama kwenye tope mara mbili, nikashuka nikatembea. Nilikuwa na daftari jipya na kalamu mbili. Nilikuwa na matumaini pia, naona aibu kuandika.

Yaya Apolina, dada yangu mkubwa, ndiye anayeishi na Mama. Nikamweleza. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

"Leo iko muzuri kidogo," akasema. "Jana alinifukuza, ati mi ni mwizi ya sufuria."

Mama alikuwa mkekani uani, amefungwa kitenge cha kijani. Akanisalimia kwa heshima sana. Akaniuliza kama nimekuja kuchanja watoto. Nikapiga magoti, nikamwambia ni mimi, Sifa. Akasema Sifa ni jina zuri.

Nikamwuliza habari za chungu. Akasema chungu kimepasuka. Nikamwuliza wanawake saba. Akahesabu vidole vyake, akafika vitano, akaanza upya. Nikamwuliza mtoto wa shambani aliitwa nani. Akanitazama muda mrefu. Nilidhani linakuja. Akaniuliza kama ziwa limepanda.

Yaya hawezi kunisaidia, mwaka ule mimi naye tulikuwa tumekwama Uvira. Wale wanawake nimewatafuta kichwani njia nzima ya kurudi: Nyota alibeba cherehani bila meza. Zaina alibeba jogoo. Mama Byaombe alibeba chumvi. Mariamu alibeba mzee wake mgongoni. Wa sita alibeba mlango, jina lake sina. Na Mama na chungu chake. Wa saba hayupo. Nimemtafuta, hayupo.

Na jina la mtoto. Niliandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mkono haukumbuki chochote, unajua kuandika tu.

Jumanne, 30 Aprili

Nimejaribu kuandika sura ya tatu kwa kichwa changu. Kurasa nne. Zina mihogo, zina mlima, zina watu wanaokimbia. Mama hayumo. Ni mtu anayesimulia habari za mama wa mtu. Nimezisoma kwa sauti, nikaona haya mbele ya kuta.

Nimejaribu kumwandikia mhariri. Imetoka sentensi moja: "Uliniambia tosha, nikatosha." Nikaitazama. Kule wataisoma wafikiri najisifu kwamba nimefaa. Hata kuungama siwezi kwa lugha ambayo wote wawili tunaiita Kiswahili. Nimemwomba Esta aende akaeleze kwa mdomo.

Jumatatu, 6 Mei

Esta amerudi kutoka kwenye nyumba ya vitabu. Ametuma ujumbe mrefu, kisha akapiga kwa sababu aliona ujumbe ni mkali.

Mhariri alisikitika sana. Aliuliza mara tatu kama hakuna nakala. Alisema alikuwa amemsomea mke wake habari ya chungu, na mke akataka kujua aliyesema maneno hayo ni nani. Lakini bila zile tatu, alisema, sita zilizobaki si kitabu. Zikipatikana, nirudi. Mlango uko wazi.

Zikipatikana! Zimeliwa na Baraka nzima.

Nimemwuliza Esta kama mhariri anakumbuka jina la mtoto. Swali la kijinga, lakini nilikuwa nimeliweka tumboni siku zote hizi. Esta naye aliwaza hivyohivyo, alikwisha kumwuliza. Anakumbuka lilikuwa fupi. Hakumbuki zaidi.

Basi. Nimechoka kumchukia mwalimu wa Lweba. Safari hii hakuwepo.

Alhamisi, 9 Mei

Kadi mpya zimeletwa. Nyeupe, nzuri. Malaria, kuhara, jeraha la panga, malaria. Konsolata ameniletea mandazi mapokezini, ameyaweka kwenye sahani yenye kifuniko. Hakufungia karatasi. Tumekula yote.

Madaftari nimeyaweka chini ya kitanda. Asende bado sijamwambia.

Jumapili, 12 Mei

Lweba tena. Mvua zimekatika, jua dogo. Nimekwenda bila daftari.

Tumekaa uani, mimi na Yaya, tunamenya mihogo ya kulobeka. Mama katikati yetu, anachukua maganda mojamoja anayapanga. Hakuniuliza kuhusu chanjo. Hakuniita jina lolote. Alinisogezea kisu alipoona changu hakikati.

Ile karatasi huwa natembea nayo kwenye mkoba. Nilipotoa kitambaa ikaanguka mkekani, Mama akaiokota. Hajui kusoma, hajawahi kujua. Akaiweka juu ya goti, akapitisha kidole polepole, kwanza juu ya kichwa cha sura, kisha juu ya penseli, kisha juu ya mstari wangu mmoja, mpaka pale ilipochanika. Kidole kikabaki pale.

"Ni nini?"

"Ni maneno yako, Mama. Yale uliyonipa niandike."

"Yote?"

"Yote."

Akaigeuza. Nyuma ilikuwa nyeupe. Akaigeuza tena.

"Inaenea?"

Yaya aliacha kumenya.

"Inaenea, Mama," nikasema.

Akaikunja vizuri mara mbili, akanirudishia. Kulikuwa na mihogo mingi imebaki. Tukaendelea kumenya.